Uti wa mgongo na ng'ombe wa shemeji

Nilifika Lalago Jumamosi jioni nikakuta kikao cha familia kimekwisha anza bila mimi, chini ya mwarobaini ulio mbele ya nyumba ya shemeji yangu. Ajenda ilikuwa moja tu, nayo ni kuuza ng'ombe. Haikuwa habari ya ng'ombe mmoja wa kulipia ada au wanne wa kumalizia mahari. Lilikuwa zizi zima, na juu yake shamba la pamba la upande wa bondeni.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Lalago ni mji mdogo katika wilaya ya Maswa, pale ambapo barabara inayotoka Shinyanga kupitia Kolandoto hugawanyika, moja ikienda Maswa mjini na Bariadi, nyingine ikielekea Mwanhuzi wilayani Meatu. Tulipokuwa shuleni tulihesabiwa watu wa Shinyanga. Tangu 2012 sisi ni watu wa Simiyu. Mkoa umebadilika jina, lakini pamba ni ile ile na malori yanayoibeba ni yale yale, yakiwa yamejazwa mpaka juu na vijana wamekaa kileleni mwa mzigo.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Miaka miwili iliyopita lori lililokuwa likielekea kwenye kinu cha kuchambulia pamba liliingia shimoni, likayumba, naye akarushwa chini akaangukia mgongo. Wenzake walimkimbilia, wakamshika wawili mikono na wawili miguu, wakampakia kwenye pikapu mwili wote ukiwa umepinda kama upinde. Walifanya hivyo kwa upendo. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mtu aliyeumia mgongo hanyanyuliwi ila akiwa amelazwa kwenye ubao au mlango uliong'olewa, shingo na kiuno vikiwa mstari mmoja. Tangu siku hiyo kijana hana nguvu wala hisia kuanzia kitovuni kwenda chini.

Sasa shemeji alikuwa amepata video kwenye simu. Hospitali moja ya ng'ambo, ambayo sitaitaja, inasema inawachoma wagonjwa wa mgongo sindano ya seli shina iliyochanganywa na dawa za kukuza mishipa ya fahamu, nao wanainuka. Kwenye video anaonekana mzungu akisimama kwa kushika vyuma viwili, huku muziki ukipigwa. Bei yake ndiyo iliyoleta habari ya zizi zima.

Niliposema tungoje kidogo, shemeji alinigeukia. "Shemeji, ninyi wa redio ndio mliotangaza kwamba Dodoma wanaponya siko seli kwa seli hizo hizo. Leo mgongo wa mtoto wangu ndio umekuwa uongo?"

Swali hilo lilininyima usingizi, maana ni kweli tulitangaza, na mmoja wa waliosoma habari ile ni mimi. Mazungumzo ya juma hili ni jibu ambalo sikuweza kulitoa vizuri chini ya mwarobaini.

Kwanza tuelewane maneno. Mtaani tukisema uti wa mgongo tunachanganya vitu vitatu: pingili za mifupa, ule ugwe wa mishipa ya fahamu unaopita ndani ya pingili hizo, na ile homa ya hatari ambayo nayo tumeipa jina hilo hilo. Mimi nazungumzia ugwe. Unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono, na ndani yake hupita nyuzi nyembamba zisizohesabika zinazopeleka amri ya ubongo miguuni na kurudisha habari za joto, baridi na maumivu. Mfupa ukivunjika huunga. Ugwe huo ukikatika hauungi wenyewe, na jambo hilo binadamu amelijua kwa muda mrefu ajabu.

Mwaka 1862 Mmarekani mmoja aitwaye Edwin Smith alinunua hati ya kale ya mafunjo katika mji wa Luxor, Misri. Hati yenyewe iliandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, na ilipofasiriwa na kuchapishwa na James Henry Breasted mwaka 1930 ilionekana kuwa kitabu cha daktari wa majeraha. Imeeleza wagonjwa 48. Mmoja wao ni mtu ambaye pingili ya shingo imetoka mahali pake, hana habari na mikono wala miguu yake, na mkojo unamtoka bila yeye kujua. Daktari yule wa Misri aliyaona yote sawasawa, kisha akaandika kwamba huu ni ugonjwa usiotibiwa.

Hukumu hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu tatu. Desemba 9, 1945 Jenerali George Patton wa Marekani, mtu aliyekuwa ametoka tu kushinda vita, alivunjika shingo katika ajali ya gari huko Ujerumani. Hakukosa daktari, wala hakukosa dawa. Alikufa Desemba 21, siku 12 baadaye. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wengi walioumia uti wa mgongo walikufa katika wiki chache za mwanzo, na kilichowaua hasa hakikuwa risasi. Kiliwaua vidonda vya kulalia na mkojo uliorudi kwenye figo ukiwa na usaha.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu mimi ndiye aliyeokoa wagonjwa wa mgongo wengi kuliko yeyote, ingawa hakuunga ugwe wa mtu hata mmoja. Ludwig Guttmann alikuwa daktari Myahudi wa Ujerumani aliyemkimbia Hitler na kuingia Uingereza mwaka 1939. Februari 1, 1944 alifunguliwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wenzake walimwonea huruma, kwa kuwa wodi ya namna hiyo ilikuwa mahali pa kungojea kufa.

Guttmann aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na yeye mwenyewe alipita usiku kuhakikisha. Akasimamia usafi wa mpira wa mkojo kama askari anavyosimamia bunduki yake. Akawapa wagonjwa kazi, useremala na kupiga chapa, kisha michezo. Julai 29, 1948, siku ilipofunguliwa Olimpiki ya London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Michezo ya Walemavu ya Olimpiki tunayoitazama leo ilianzia katika bustani ile. Hakuna sindano hata moja iliyohusika.

Afrika Mashariki nayo ilipata funzo hilo kupitia vita hiyo hiyo. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iliyopo Nairobi ilianzishwa kwa ajili ya askari walioumia vitani. Ni ndogo mno kwa mahitaji, na ndiyo maana mwaka 2012 Mkenya Zachary Kimotho, aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akitangaza kwamba anakwenda Afrika Kusini kutafuta matibabu, ili Wakenya wachange fedha za kujenga hospitali nyingine kwao. Kwetu Tanzania tuna KCMC Moshi na Bugando Mwanza, zote za mwaka 1971, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ya mwaka 1996, ambako pingili zilizovunjika hunyooshwa na kufungwa vyuma. Chuma hushika mfupa tu.

Sasa tuje kwenye sindano yenyewe. Imetokana na mapokeo mawili tofauti, moja la vikuza mishipa na jingine la seli shina, na kila moja lina historia ya kweli na ya heshima. Wauzaji wa video huazima heshima hiyo.

La kwanza lilianzia chumbani kwa mwanamke. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini iliwafukuza Wayahudi katika vyuo vikuu vya Italia. Rita Levi-Montalcini, daktari kijana wa mji wa Turin, alirudi nyumbani akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara. Alitumia mayai ya kuku na sindano za kushonea alizozinoa mwenyewe, akachunguza jinsi mishipa ya fahamu inavyoota na kufa katika kifaranga ambacho hakijaanguliwa. Baada ya vita, mwaka 1947, aliitwa St. Louis, Marekani. Huko aligundua kwamba uvimbe fulani wa panya, ukipandikizwa kwenye kifaranga, hufanya mishipa iote kwa fujo kama magugu baada ya mvua. Kulikuwa na kitu ndani ya uvimbe kinachoiamuru mishipa ikue.

Mwenzake Stanley Cohen alipotafuta kitu hicho alitumia sumu ya nyoka kama chombo tu cha kuchambulia kemikali. Kumbe sumu yenyewe ilikuwa na dawa ile ile kwa wingi kuliko uvimbe. Nilipowasimulia hayo pale Lalago, mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Sisi Wasukuma tunao Bayeye, wacheza nyoka na waganga wa sumu, na mzee alitaka kujua kama wazungu wamewalipa chochote! Cohen alifuata mantiki kwamba tezi ya sumu ya nyoka ni ndugu wa tezi ya mate, akaipata protini hiyo katika mate ya panya dume. Mwaka 1986 Levi-Montalcini na Cohen walipewa Tuzo ya Nobel. Mama yule alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 103.

Basi kwa nini tusimchome kijana protini hiyo tukamaliza? Watafiti walilijaribu wazo hilo kwa panya, kwa protini hiyo na ndugu zake kadhaa. Mishipa iliota kweli, lakini mingine iliyoota ilikuwa ile ya kupeleka maumivu. Nyuzi hazina macho. Kuziambia zikue ni jambo moja, kuziambia ziende wapi ni jambo jingine, na hili la pili ndilo bado gumu.

Bingwa wa Kihispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Nobel mwaka 1906, alikuwa amefundisha kwamba katika mtu mzima njia za ubongo na uti wa mgongo zimekwisha fungwa na haziwezi kuota tena. Kwa miongo mingi kauli hiyo ilikuwa kama sheria. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, huko Montreal, walichukua kipande cha mshipa wa mguu wa panya wakakipandikiza kama daraja kwenye ugwe wake. Nyuzi za ugwe zikaingia darajani zikatambaa yapata sentimita tatu, kisha zilipofika ng'ambo na kugusa ugwe tena, zikasimama. Maana yake ni kwamba nguvu ya kuota imo, na ardhi ndiyo inayokataa. Baadaye Martin Schwab wa Zurich alionyesha kwamba ganda la mafuta linalozifunika nyuzi za ugwe lina vitu vinavyozizuia. Nakiri kwamba katika historia yote hii, panya wa Montreal ndio wanaonigusa zaidi. Sentimita tatu ni urefu wa kiungo kimoja cha kidole, nazo zilichukua karibu miaka 75 baada ya tuzo ya Cajal.

La pili ni seli shina. Hizi ni seli changa ambazo hazijachaguliwa kazi, na nyingine zimo mwilini mwetu sote. Zile za uloto, ndani ya mifupa, kazi yao ya kila siku ni kuzaa damu. E. Donnall Thomas wa Marekani alianza kuwapandikizia wagonjwa uloto mwaka 1957, akavumilia miaka ya vifo vingi, na mwaka 1990 akapewa Nobel. Njia hiyo ndiyo iliyofika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako mwaka 2023 watoto wenye siko seli walianza kupandikizwa uloto. Kwetu Kanda ya Ziwa, ambako ugonjwa huo umejaa, habari hiyo ilikuwa kubwa, na sijutii kuitangaza.

Ila nilipaswa kueleza jambo moja ambalo sikulieleza. Katika siko seli, uloto mbovu unauawa kwa dawa kali, halafu mgonjwa anapewa uloto wa ndugu aliyelingana naye. Seli zile zinakwenda mahali pake, kwenye mfupa, zinaendelea na kazi ziliyoizoea. Ni mbegu ya pamba katika udongo wa pamba. Seli inayowekwa kwenye ugwe uliokatika inatakiwa kugeuka kitu kingine kabisa, iishi mahali palipojaa kovu, irefushe uzi mpaka umpate mwenzake sahihi kati ya maelfu, na ifanye hivyo bila kuzaana ovyo ikawa uvimbe. Jina ni moja, seli shina, lakini kazi mbili hizi hazifanani.

Je, hakuna aliyejaribu? Wapo, na kwa uaminifu. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin alifaulu kukuza maabara seli shina za kiinitete cha binadamu. Oktoba 2010 kampuni ya Geron ilimpa mgonjwa wa kwanza wa uti wa mgongo, huko Atlanta, seli zilizotokana na ugunduzi huo. Walifika wagonjwa 5, na Novemba 2011 kampuni ikasimamisha kazi kwa sababu za fedha. Waliofuatiliwa kwa miaka 10 hawakuonekana kudhurika, wala hakuna aliyeinuka akatembea. Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha mwaka 2006, kwa panya, kwamba seli ya kawaida ya mwili inaweza kurudishwa utotoni ikawa kama seli shina. Mwaka uliofuata alifanya hivyo kwa seli za binadamu, na mwaka 2012 akapata Nobel.

Kutokana na kazi ya Yamanaka, Chuo Kikuu cha Keio cha Tokyo kilianza Desemba 2021 kuwapandikizia watu walioumia mgongo. Machi 2025 kilitoa taarifa ya wagonjwa 4. Wawili hawakubadilika sana. Mmoja alipata nguvu kiasi za kusogeza viungo, na mmoja aliweza kusimama mwenyewe na kuanza mazoezi ya kutembea. Ni habari njema, lakini msomaji azingatie mambo mawili. Wote walipandikizwa katika wiki chache tu baada ya kuumia, na wapo wanaoumia hivyo wakapata nafuu kiasi hata bila seli. Kwa wagonjwa wanne hakuna anayeweza kuapa kipi kilimsimamisha yule mmoja. Wajapani wenyewe wamesema hivyo, wala hawakupiga muziki.

Halafu kuna upande ambao video haiuonyeshi. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamke kijana aliyekwenda Lisbon kuwekewa mgongoni seli zilizotolewa puani mwake mwenyewe. Miaka minane baadaye alipata maumivu makali. Alipofunguliwa, ndani ya mgongo walikuta uvimbe unaotoa kamasi, kwa sababu seli za pua zilikuwa zimeendelea kuwa za pua. Mwaka 2016 madaktari wa Boston nao waliandika habari za mwanamume aliyezunguka nchi tatu akinunua sindano za seli baada ya kupata kiharusi. Alirudi na uvimbe katika uti wa mgongo, na vipimo vilionyesha kuwa seli za uvimbe ule hazikuwa zake.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akauliza swali ambalo mtu mwenye diploma ya uandishi wa habari hana budi kulijibu waziwazi. "Kwa hiyo, hospitali ile ni matapeli?"

Nilimwambia sina ushahidi wa kumwita mtu tapeli. Nilimwambia kuna maswali matatu ya kuwapigia simu. Mmeandika wapi matokeo ya wagonjwa wenu wote, hata wale walioshindwa? Mtu aliyeumia miaka miwili iliyopita, mmewahi kumpa, na leo yukoje? Na kwa nini mgonjwa ndiye anayelipa, wakati jaribio ni lenu? Binti yangu alituma maswali hayo kwa Kiingereza Jumapili asubuhi. Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana, nalo lilikuwa namba ya akaunti ya benki na punguzo la asilimia 10 kwa atakayelipa kabla ya mwisho wa mwezi.

Kijana mwenyewe alikuwa amelala ndani muda wote huo, dirisha likiwa wazi. Nilipoingia kumsalimu nikamkuta ana utulivu kuliko sisi. "Mjomba," alisema, "baba anataka niinuke. Mimi nataka kwanza nitoke nje ya ua." Kiti alichopewa kina magurudumu madogo ya mbele yanayozama kwenye mchanga wetu, hivyo kwa miaka miwili hajafika hata gulioni. Moshi kuna chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, ambacho hufundisha mafundi wa viungo bandia na hata wa viti vya magurudumu. Kuna viti vya magurudumu matatu vilivyobuniwa kwa barabara za vumbi kama zetu. Bei yake pamoja na mto mzuri wa kukalia haifikii zizi. Kikao cha Jumapili jioni kilikubaliana ng'ombe watatu, na shemeji alichagua mwenyewe ni wapi, akamwacha dume mwekundu.

Nilimgeuza kijana nikamtazama mgongo, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za Guttmann na nilitarajia kukuta vidonda. Hapakuwa na hata kimoja. Nikamuuliza nani anamhudumia. Akacheka, akaonyesha kwa kidevu redio ndogo ya betri iliyokuwa juu ya kigoda.

Mama yangu, bibi yake, hajui kusoma saa. Mwaka ule kijana alipotoka hospitali, muuguzi alimwambia amgeuze kila baada ya saa mbili. Yeye akaamua kutumia redio. Mtangazaji akitaja saa mbili, anamgeuza. Akitaja saa nne, anamgeuza tena, hivyo hivyo hadi alfajiri. Usingizi wake wote anaulala katikati ya vipindi. Nimetangaza redioni kwa zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kufikiri kwamba yupo mtu anayetumia kutaja kwetu saa kwa kazi hiyo.

Usiku ule nililala chumba cha pili. Saa nane nilisikia redio imepandishwa sauti, mtangazaji wa zamu akataja saa, kitanda kikalia, kisha mama akauliza kwa Kisukuma kama mto umekaa vizuri.